Mayi ya kisima karibu na chemini: kuchemsha inatosha?

Mama Mapacha (Lubumbashi)
Yambo wote. Kwetu ukitoka mlangoni unaiona chemini kubwa ya kiwanda cha shaba. Kisima chetu kina metre 14, mume wangu alikichimbisha 2011, wakati robine ilikuwa inatoa hewa tu. Mayi yake ni baridi, meupe, majirani wanakuja na bidon zao. Juzi shemeji yangu, mtu wa kariere (mgodi), alishika kikombe, akakirudisha mezani: «Mulipimisha arseniki?» Mimi natia javeli, na ya watoto naichemsha mpaka itokote. Makala inaisha mbiombio! Na bado haitoshi?

Fundi wa Foraji
Mama, moto na javeli vinaua mikrobu. Kwa kolera usiache. Lakini arseniki si mdudu, ni sumu ya madini, haiungui. Ukiweka lita 5 ukaepua 4, arseniki yote imebaki ndani ya zile 4. Na usiamini ulimi: shaba ikizidi unaisikia, arseniki haina ladha, haina harufu, haina rangi. Kikomo cha OMS (Shirika la Afya Duniani) ni mikrogramu 10 kwa lita. Yaani gramu moja tu ndani ya mapipa 500 ya lita 200, umekifikia. Ukienda laboratwari taja «arseniki» kwa jina, kama sivyo watakutafutia mikrobu na kukuambia mayi ni mazuri.

Mtoto wa Katuba
Kila kitu ni chemini! Bibi yangu alikunywa kisima miaka 40, akafa mzee.

Fundi wa Foraji
Nani amesema chemini? Bangladesh walichimba visima vya bomba ili watoto wasife na kuhara. Mwaka 1993 ndipo arseniki ikaonekana mule, na ilitoka kwenye udongo wenyewe. Kisima chako hukijui mpaka kipimwe, hata cha jirani yako kikiwa safi.

Infirmière wa usiku
Bibi wa ndugu alikuwa na bahati. Ugonjwa huu unakuja polepole, miaka na miaka: viganja na nyayo vinakuwa vigumu, ngozi inapata madoadoa, na kansa inaweza kufuata. Mwaka 2009 watu wa UNILU (universite ya Lubumbashi) na wa universite ya Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Kobalti ilikuwa nyingi sana, na arseniki pia ilikuwa imepanda. Ukienda kupima mkojo, Mama, acha samaki tomsoni siku nne hivi kabla. Samaki wa bahari ana arseniki yake isiyodhuru, itavuruga hesabu.

Mama Mapacha
Tomsoni ndiyo mboga yetu! Sawa. Kufua je? Na bukari (ugali)?

Fundi wa Foraji
Fua, oga, ngozi hainyonyi sana. Bukari ni kunywa tu, mayi yote yanabaki ndani ya unga. Maziwa ya mtoto ndiyo ya kwanza kubadilisha. Mvua ni nzuri, lakini zile za kwanza ziache zioshe vumbi ya kiangazi kwenye bati.

Mama Mapacha
Aksanti. Shemeji atapeleka chupa laboratwari siku ya kwanza (Jumatatu). Kwa sasa ya kunywa nanunua, ya watoto na ya bukari pia. Jioni hii majirani wamekuja na bidon kama kawaida. Nimewaambia ni ya kufua tu, wakafikiri nimeanza kuwanyima.