Legacy B4 turbo niliyouziwa Nakuru: mita imerudishwa, moshi umefichwa, na fundi niliyemlipa alikula upande wao

Wadau, nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi someni hivyo hivyo.

Nimenunua Subaru Legacy B4 GT ya 2006, ile ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini ili iongeze nguvu), kupitia broka hapa Nakuru. Shilingi 650,000. Mita inasoma kilomita elfu themanini na nne na ushei. Namba ya gari inaanza na KB, yaani lina zaidi ya miaka kumi kwenye barabara za Kenya, maana sheria hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane tangu litengenezwe kuingia nchini. Nikamuuliza broka, limetembea lini mbona mita iko chini hivi? Akanijibu bila kupepesa macho: "Mwenyewe ni mzee, alikuwa analitoa Jumapili tu kwenda kanisani." Sawa. Ndiyo maana nikamlipa fundi alikague.

Fundi akaja, akaingia chini ya gari, akagonga huku na kule, akanusa oili, akaniambia, "Boss, hii ni safi, lipa uende." Injini tulikuta ina moto tayari. Eti gari limetoka kuoshwa.

Wiki hiyo hiyo nikaelekea Eldoret. Mpaka Salgaa hakuna neno, gari linavuta vizuri kabisa. Tulipoanza kupanda Sachangwan nikakanyaga kulipita lori, nikasikia mlio mwembamba kama king'ora, nguvu zikakata. Kutazama kioo, nyuma kumetanda moshi wa buluu hadi magari ya nyuma yamewasha taa. Lile lori nililotaka kulipita likanipita. Na jingine nyuma yake.

Gari likarudi Nakuru likivutwa. Fundi wa pili, mtu wa Subaru tangu zamani, akafungua bomba la hewa mbele ya turbo akaniambia niweke kidole mwenyewe. Gurudumu la turbo linacheza huku na huku, mapezi yamekwaruza ukuta hadi yameng'aa kwenye ncha. Oili aliyoimwaga ilikuwa nzito isiyo ya kawaida. Akasema hiyo ni oili ya kufichia, tena imechanganywa dawa ya kuzuia moshi. Ndiyo sababu wanataka ulikute gari limeshapashwa moto. Turbo iliyoisha mara nyingi hujisema asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa.

Kwa wasiojua: shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni utando wa oili tu. Kwenye injini hizi oili ya turbo hupita kwenye boliti yenye kichujio kidogo cha wavu ndani. Ukichelewesha kubadilisha oili, kile kichujio huziba uchafu, turbo inakosa oili, inakufa. Na ukifunga turbo nyingine bila kusafisha njia hiyo na kutoa chembe za chuma zilizobaki kwenye oili, nayo inaifuata ya kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni turbo tu, badilisha", jua hakutakii mema. Watengenezaji wa gari siwalaumu hata kidogo. Gari lilihitaji oili safi kwa wakati, likanyimwa.

Haya, hilo la turbo ningelimeza. Lililonikosesha usingizi ni hili. Fundi alichukua kitambaa akapangusa grisi kwenye kifuniko cha mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni za injini ziende kwa mpangilio. Chini yake kuna stika ya Japani, ile wanayobandika wakibadilisha mkanda. Maandishi ya Kijapani sisomi, lakini tarakimu nasoma: 103,000 km. Mkanda ulibadilishwa Japani kwenye kilomita 103,000, na leo, baada ya miaka yote hiyo ya Kenya, mita inasema 84,000! Walirudisha mita wakasahau kubandua stika.

Na msidhani kurudisha mita ni kuongeza bei tu. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mimi kwa kuangalia mita ningejua bado nina muda. Ukikatika wakati injini hii inazunguka, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unanunua injini nyingine. Je, ungekatika nikiwa nashuka kutoka Mau Summit na watoto nyuma?

Nikampigia broka. Kwanza akasema tuliandikiana "gari limeuzwa lilivyo". Nikamwambia karatasi hiyo haikusema lilivyo ni la kudanganywa mita. Akapandwa na hasira akaropoka, "Hata fundi wako nilimpa chai yake, mbona yeye hakulalamika?" Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika, na fundi wa pili alisikia neno kwa neno.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema magari ya turbo ndivyo yalivyo, ningenunua Toyota Probox. Kaeni na Probox zenu. Gari chakavu likiuzwa kama chakavu, kwa bei ya chakavu, hakuna ugomvi.

Nimeshapiga picha stika, mita na turbo. Naelekea Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja na langu halijafika huko. Ninachohitaji kwenu: yeyote aliyewahi kumiliki au kutengeneza B4 GT nyeusi ya namba za KB yenye mkwaruzo mrefu chini ya taa ya nyuma kushoto, na ana risiti ya huduma yenye kilomita, anitumie ujumbe faraghani.

Na wewe fundi wa kwanza, najua unasoma humu. Pesa yangu ya ukaguzi irudi kabla ya Ijumaa, la sivyo jina lako linaingia kwenye hati ya madai pamoja na la broka.