Kurudia kura ya maoni: ni demokrasia au ni kulazimisha jibu?

Mzamiaji
Wakuu, naomba msaada wa hoja. Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Yeye anasema wananchi wakishaamua wameamua. Kurudia kura ni sawa na refa kuongeza dakika mpaka timu yake ifunge. Mimi nasema Waingereza walistahili kuulizwa tena kabla ya kutoka Umoja wa Ulaya. Karatasi ya Juni 2016 ilikuwa na visanduku viwili tu, kubaki au kutoka. Kutoka vipi? Mkiwa bado ndani ya soko la pamoja au nje yake? Mpaka na Ireland uweje? Hakuna kisanduku. Kutoka kukashinda kwa asilimia 51.9, halafu wakatumia zaidi ya miaka mitatu kugombania maana ya alama ile ya X. Aprili 2019 wabunge 280 walitaka makubaliano yoyote yarudishwe kwa wananchi, 292 wakakataa.

Shemeji akaniuliza, "Ungeshinda wewe, ungetaka irudiwe?" Hapo nikakwama. Jioni anarudi.

Karani Mstaafu
Shemeji yako usimbeze, ana hoja. Ila mfano wa refa umempotosha. Norway waliulizwa kuhusu kujiunga na Ulaya mwaka 1972, wakakataa. Wakaulizwa tena 1994, wakakataa vilevile, kwa asilimia 52.2. Lakini hapo ilipita miaka 22, watu wamezaa na kulea. Ninachokichukia mimi ni ile haraka ya Ireland: wamekataa mkataba wa Lisbon, ule wa kurekebisha uendeshaji wa Umoja wa Ulaya, Juni 2008, Oktoba 2009 wameshaitwa tena. Mkataba wenyewe haukuguswa hata nukta, waliongezewa ahadi pembeni. Na walipokubali, mbona hawakuitwa mara ya tatu ili mshindi apatikane kwa mbili kwa moja?

Binti Hesabu
Mzee Karani, shikamoo. Kwa Ireland mimi naanza na hesabu za mkataba wa Nice, nao wa Umoja wa Ulaya, uliotangulia huo wa Lisbon. Mwaka 2001 kura za Hapana zilikuwa kama 530,000. Waliporudia 2002, Hapana zikawa kama 535,000. Hazikupungua, ziliongezeka! Kilichopaa ni Ndiyo, kutoka kama 453,000 hadi 906,000. Yaani wale waliokataa wengi wao hawakugeuzwa na mtu. Mara ya kwanza waliojitokeza walikuwa kama asilimia 35 tu, na ya pili ndipo waliolala nyumbani wakaamka.

Sasa niambieni, aliyetoka kitandani mara ya kwanza akashinda kihalali, ana deni gani kwa aliyekuwa amelala? Hilo ndilo linaloniudhi, na mimi ni wa upande wa kurudia.

Fundi wa Maneno
Mzamiaji, swali la shemeji linajibika hivi: kanuni iwekwe kabla mpira haujaanza. New Zealand walipotaka kubadili mfumo wa uchaguzi walijua tangu mwanzo kuna duru mbili. Mwaka 1992 waliulizwa kama wanataka mabadiliko na wachague mfumo upi, 1993 mfumo uliochaguliwa ukapambanishwa na ule wa zamani, ukapita kwa asilimia 53.9. Hakuna aliyelia kwamba kaibiwa ushindi, kwa sababu ushindi wa kwanza haukuwa wa mwisho.

Kama hamkupanga mapema, basi angalau swali liwe jipya. Denmark walikataa mkataba wa Maastricht, ule uliounda Umoja wa Ulaya, 1992, asilimia 50.7. Kabla ya kurudi 1993 walipewa misamaha minne, ikiwemo kutotumia sarafu ya pamoja. Hapo unaulizwa jambo lingine, hata kama bahasha ni ileile.

Mzamiaji
Shukrani wakuu. Shemeji kaja, nimempa Norway akatabasamu, nimempa New Zealand akanyamaza kabisa. Nikajua nimemmaliza. Kisha akaniuliza, "Na hizo duru mbili, nani aliamua ziwe mbili?" Tumeweka chai nyingine jikoni.