Naomba ushauri: mayai ya bukini, chemba ya hewa haikui

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kutotolesha mayai ya bata bukini kwa mashine.

Mashine yangu ni ndogo, ina feni, joto nimeliweka nyuzi 37.5 na unyevu asilimia 55. Ndani kuna mayai ya bata wa kawaida na ya bukini, yote yako wiki ya tatu. Ya bata hayana shida. Haya ya bukini nikiyamulika kwa tochi gizani naona mishipa, na kifaranga anachezacheza, ila chemba ya hewa kule upande butu ni nyembamba, kama kifuniko cha soda tu. Mzao uliopita walikufa ndani ya ganda wakiwa wamekamilika kabisa, wamelowa chepechepe, kwa hiyo nina wasiwasi.

Nimeondoa chombo kimoja cha maji, unyevu umeshuka hadi 45. Nayageuza kwa mkono (trei ni ya mayai ya kuku, haya hayaenei). Pia kila siku nayatoa yapoe kidogo, kisha nayanyunyizia maji ya uvuguvugu, kama wafugaji wengi wanavyoelekeza.

Je, kunyunyizia nisimamishe kwanza hadi chemba ikue, nibaki na kupoza tu? Na mayai ya bata yatauhimili unyevu huu wa 45, au niyahamishie mashine nyingine? Mizani ninayo, kama kuna anayetaka kujua uzito.