Mnaotuuzia maji ya dispensa, hiyo "ni kidogo tu" kamwambieni mwingine

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei ya maji, hapa sizungumzii bei, nazungumzia kemikali inayotoka kwenye chupa.

Jumamosi nimeletewa maji, zile chupa kubwa za dispensa, mbili. Zimekuja juu ya guta saa nane mchana, na jua la Dar mnalijua. Nilipoishika ya kwanza nikashtuka, ina joto kama sufuria iliyoepuliwa. Kumimina glasi, harufu ya plastiki imejaa sebule. Binti yangu wa miaka mitatu akaonja, akakunja uso: "Baba, maji yananuka ndoo." Yeye kalijua hilo kwa funda moja, kiwanda kizima hakijui!

Nikaigeuza chupa ya wiki iliyopita niangalie kitako. Kuna pembetatu, ndani namba 7, chini yake herufi PC. Pembeni kuna kile kiduara chenye mshale wa mwaka ilipotengenezwa: 2015. Ndani imechubuka mpaka imepata ukungu mweupe, huoni ng'ambo. Imeshasuguliwa kwa sabuni na kujazwa upya mara ngapi hiyo?

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, kemikali ipo lakini ni kidogo mno, haina madhara." Hapo ndipo aliponimaliza.

Kwa wasiojua, PC ni polikaboneti, na polikaboneti inatengenezwa kwa bisfenoli A, yaani BPA. Si uchafu ulioingia kwa bahati mbaya, ndiyo malighafi yenyewe. Plastiki ikipata joto, ikichakaa, ikioshwa kwa sabuni kali, BPA inaachia na kuingia kwenye maji. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walitia maji yaliyochemka kwenye chupa za plastiki hii, BPA ikatoka kwa kasi mara 15 hadi 55 zaidi kuliko kwa maji yasiyo ya moto. Maji yangu hayakuchemka, sawa. Ila na mimi sinywi mara moja nikaacha, nakunywa kila siku, na mtoto pia.

Na BPA inajifanya homoni. Hili halikugunduliwa juzi. Mwingereza Charles Dodds aliionyesha mwaka 1936 kwamba inafanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike, kabla hata haijawa chupa ya mtu.

Sasa turudi kwenye "kidogo mno". Kidonge cha uzazi wa mpango, vingi vina mikrogramu 30 za estrojeni (mikrogramu milioni moja ndiyo gramu moja). Gramu moja tu ingetoa vidonge zaidi ya 33,000. Na kidogo hicho, kikisaidiana na homoni nyingine iliyomo kwenye kidonge, kinazuia mimba! Nakubali BPA ni dhaifu kuliko estrojeni ya kwenye kidonge, asije mfamasia akanirukia hapa. Ninachosema ni kwamba homoni kazi yake ni hiyo hiyo ya kiasi kidogo, na mtoto aliye tumboni au anayekua ndiye anayeguswa zaidi kwa sababu mwili wake bado unajijenga. Maabara zimeshaonyesha dozi ndogo ikileta badiliko ambalo dozi kubwa haikuleta. Kwa hiyo ukipima nyingi halafu ukakisia kushuka chini, unaweza kujidanganya.

Ulaya wamelikubali. Aprili 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula, EFSA, ilishusha kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu (nanogramu 1,000 ndiyo mikrogramu moja). Mara 20,000! Taasisi ya Wajerumani, BfR, ikabisha, ikasema nanogramu 200 zinatosha. Haya, tuchukue ya Wajerumani: bado ni mara 20 chini ya ile ya zamani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya BPA kwenye vitu vinavyogusa chakula. Dada wa simu, "kidogo mno" yako ni ya mwaka gani?

Na msiniambie ninunue iliyoandikwa "haina BPA". Marekani kuna mtafiti anaitwa Patricia Hunt. Mwaka 1998 vizimba vya panya wake, vya polikaboneti, vilioshwa kwa sabuni isiyo yake vikaharibika, vikaachia BPA. Mayai ya panya yenye kromosomu zilizovurugika yakaruka kutoka asilimia 1 au 2 hadi 40. Wakabadili vizimba. Mwaka 2018 maabara hiyo hiyo ikatoa taarifa kwamba plastiki mbadala nayo imechakaa, imeachia BPS, ndugu yake BPA, na panya wakapata mambo yale yale. Hapo mmebadilisha nini, zaidi ya kibandiko?

(Mnaocheka: wali wenu wa mchana ulifunikwa nailoni chini ya mfuniko. Ile ni plastiki nyingine na ina uzi wake. Mama ntilie simlaumu, hakuna aliyemwambia. Hawa wa maji wanajua, wamekiri kwenye simu.)

Nilichowaomba ni vitu vitatu tu: chupa isafirishwe imefunikwa turubai, iliyochubuka isirudi kwa mteja, na mwaka wa chupa uandikwe mahali mtu anapouona bila kuigeuza kichwa chini. Jibu: "Tutalifikisha kwa uongozi, kaka."

Basi nikasema chukueni chupa zenu mnirudishie dhamana yangu. Wakasema dhamana hairudishwi kwa chupa iliyochubuka.

Zote tatu ziko kibarazani hapa. Picha ya kitako naiweka chini.