Vipindi vya pamoja kwa miji mingi: je, redio ya roki mbadala bado ni ya mji wake?

Gitaa la Kale: Ndugu zangu, Septemba 2020 kampuni ya Entercom, ambayo leo inaitwa Audacy, iliwaondoa watangazaji wengi wa vituo vyake vya redio vya roki mbadala (alternative rock) nchini Marekani, kisha ikaanza kurusha vipindi vilevile katika miji kadhaa. KNDD, kituo chao cha hapa Seattle, ilianza kupiga muziki huu mwaka 1991, wakati bendi za mji huu zilipokuwa zikitoka kwenye kumbi ndogo na kusikika duniani kote. Kituo ambacho mtangazaji wake hajui ni bendi gani inapiga leo usiku mtaa wa pili, kwangu mimi kimebaki na masafa tu.

Mhasibu: Kaka, hilo neno "hajui" limeniuma, kwa sababu nimewahi kuandaa vipindi vya namna hiyo. Tulisoma habari za kila mji na kuwapigia simu wenye kumbi kabla ya kurekodi, na sikubali kazi hiyo iitwe ujinga. Tena mishahara hulipwa na matangazo ya biashara, ambayo yamehamia kwenye intaneti kwa kiasi kikubwa. Audacy yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2024.

Mkazi wa Tacoma: Dada, kurekodi mapema ndiko kunakonitia hofu. Januari 2002 treni iliacha reli karibu na Minot, North Dakota, gesi ya amonia ikatanda na mtu mmoja akafariki. Vituo vyote sita vya redio vya biashara mjini humo vilikuwa vya kampuni ya Clear Channel, na polisi walilalamika kwamba walipopiga simu studio usiku ule ili wananchi watahadharishwe hawakumpata mtu.

Mhasibu: Umesimulia upande mmoja. Kampuni ilijibu kwamba polisi hawakuwa wameviweka sawa vifaa vya tahadhari, ambavyo vingerusha tangazo hata kama studio ni tupu. Isitoshe, mjadala ulihusu roki.

Mkazi wa Tacoma: Kwamba studio tupu inaonekana jambo la kawaida ndiyo hoja yangu! Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima, na Clear Channel ikafikisha zaidi ya elfu moja. Mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano, FCC, ikafuta hata sharti la kuwa na studio kuu ndani ya mji unaohudumiwa au karibu nao.

Gitaa la Kale: Naomba turudi kwenye muziki. Kim Thayil wa bendi ya Soundgarden na Mark Arm wa Mudhoney, bendi za hapa Seattle, waliwahi kutangaza KCMU, redio ya Chuo Kikuu cha Washington. Mtangazaji aliyepanda jukwaani jana na mwenye santuri ya rafiki yake mkononi huipiga kabla kampuni yoyote haijaifanyia hesabu, na ratiba inayopangwa kwa ajili ya miji mingi haina nafasi ya santuri hiyo. Hicho ndicho tulichopoteza, na hakirudishwi kwa kusoma habari za mji.

Sikio Wazi: KCMU hiyo ndiyo iliyogeuka KEXP mwaka 2001, na tangu 2024 KEXP inarusha matangazo yake hadi San Francisco. Mbona hapo hatulalamiki? Nahofia tunawasamehe kwa sababu tunawapenda, ilhali kijana mwenye bendi kule anasikia sauti kutoka Seattle.

Gitaa la Kale: Swali lako ni zito. Jibu langu ni kwamba KEXP ni shirika lisilo la faida, linalochangiwa na wasikilizaji, na imetenga kipindi cha wanamuziki wa eneo lile. Hata hivyo, kipindi kimoja kwa wiki hakitoshi, na wakazi wa huko wana haki ya kudai zaidi.

Mhasibu: Kumbe KEXP inastahili kuelezwa kwa upole hivyo. Bado nasubiri, kaka, uliondoe lile neno "hajui".