Nilimpa sarafu zangu azipige picha, akanirudishia zimesuguliwa kwa ukwaju!

Wadau, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nivumilieni. Nikikosea herufi msinisahihishe leo.

Mimi ni mtu wa hapa Amu (Lamu), nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni huko Mkomani. Sarafu nazikusanya mwaka wa 14 huu. Sina fedha za kununua kwenye mnada wowote, ila nina vyumba sita vya kufagia. Mgeni akifunga safari, noti haachi hata moja, lakini chenji huimwaga mezani au huisahau kwenye kikombe cha miswaki, maana maduka ya kubadilisha fedha hayapokei sarafu za nje. Sasa mtu atarudi nazo kwao au ataziacha? Wengi huziacha. Hivyo ndivyo nilivyopata krona ya Denmark yenye tundu katikati, yeni tano ya Japani yenye tundu pia, na zile robo dola za Marekani za majimbo yao 50, zilizotolewa tano tano kila mwaka kuanzia 1999 hadi 2008. Nimebakisha majimbo sita. Na kila yuro 2 nikiachiwa naigeuza kwanza nikiitafuta ile ya Monaco ya 2007 yenye sura ya Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wao, iliyotengenezwa vipande 20,001 tu. Sijaipata na najua sitaipata, lakini kugeuza ni bure.

Hizo za wageni hazikuguswa. Zilizoguswa ni za kwetu, na ndizo nilizokuwa nikizipenda.

Iko hivi. Kuna mzee mmoja muuza vitu vya kale hapa mjini. Sitamtaja wala sitataja duka, anayemjua amjue. Anauza masanduku ya njumu, vipande vya milango ya kuchonga, sinia za shaba, na vingine ambavyo ukale wake ni wa wiki iliyopita. Tunaamkiana, tunakunywa kahawa baraza moja. Mwezi uliopita akaniambia ana mteja kutoka nje anayetafuta sarafu za pwani, na mteja anataka aone picha kwanza. Nikamwambia siuzi. Akasema, "Hata usiuze, ndugu yangu, wacha tu aone, tujue bei yake." Hapo ndipo nilipoingia mtegoni. Bei! Nilitaka kujua bei. Nikampa 26, kila moja kwenye kifuko chake, nikamwambia asizitoe ndani ya vifuko. Nilimwambia mara mbili. Mara ya pili alinicheka.

Siku ya nne akaniita dukani. Ameziweka kwenye sinia, juu ya kitambaa chekundu, zinawaka kama taa za harusi. Vifuko vyangu vimetupwa. Akaniambia, "Tazama zing'aavyo! Mato yaumia!" Yaani macho yanaumia. Nilidhani si zangu. Wallahi nilidhani ananionyesha sarafu nyingine.

Amezisugua zote. Ukwaju na majivu, jinsi wanavyong'arisha madeli ya kahawa siku ya kuamkia Idi. Zile zilizokuwa ngumu kutakata akazimalizia na dawa ya kopo ya kusugulia shaba. Na kabla sijafumbua mdomo akanipa hesabu: kazi shilingi 500, ukwaju 50. Akaniambia hiyo ni bei ya jirani.

Najua kuna watu wanasoma hapa wakisema, sasa kosa liko wapi, si zimekuwa safi? Naomba mnisikilize, na nitaeleza kwa sarafu moja tu.

Bibi yangu alinipa pesa ya Mombasa ya 1888. Pesa kweli, maana hilo ndilo lilikuwa jina la kile kipande cha shaba, robo ya ana (fedha ndogo ya zama za rupia), kabla neno halijatapakaa kuwa jina la fedha zote. Ilitolewa na ile kampuni ya Waingereza iliyoikamata pwani kabla serikali yao haijaingia. Ina mizani, ina jina la Mombasa, ina maandishi ya Kiarabu. Si ya bei kubwa, zilitengenezwa nyingi na mpaka leo zinapatikana. Lakini hii ilikaa kwenye pindo la leso la mamake Bibi, kisha kwenye pindo la leso la Bibi mwenyewe, mpaka ikawa na rangi ya halua ya tangawizi. Kahawia iliyokolea, inateleza, haina ncha hata moja. Na kwenye mifereji ya herufi mulikuwa na weusi. Ule weusi ndio uliokuwa wino wake. Herufi zilikuwa zimelika, lakini kwa sababu chini kulikuwa na weusi na juu pamepauka, ukiiinamisha kidogo dirishani unasoma kila kitu. Nilikuwa nawasomea watoto wa jirani.

Sasa hivi ni ya waridi, kama fizi ya mtoto mchanga. Weusi umetoka wote. Nimeiweka chini ya lenzi, naona makwaruzo yamezunguka duara kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya. Mizani bado naiona. Maandishi siyasomi tena.

Ile rangi haikuwa uchafu. Shaba ikikaa na hewa na jasho la mikono inajivika ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe zaidi. Asidi ya ukwaju inaichuna ngozi ile, kisha majivu yanakula shaba yenyewe, na yanaanza na palipoinuka: shavu la mfalme, manyoya ya simba, ukingo wa herufi. Ndizo sehemu ambazo mtu wa sarafu anaziangalia kwanza. Kule Marekani kuna kampuni zinazopima sarafu na kuzipa alama mpaka 70. Ukiwapelekea iliyosuguliwa hawakupi namba, wanakuandikia tu kwamba imesafishwa. Mtoto anaenda shule, anarudi na cheti kimeandikwa "alikuja".

Nyingine nitazitaja haraka maana zinanipandisha presha. Shilingi mbili za Afrika Mashariki za miaka ya 20, zile za simba aliyesimama mbele ya milima. Madini ya fedha ndani yake ni robo tu, iliyobaki ni mchanganyiko, kwa hiyo ukizisugua hazing'ai kifedha, zinatoa unjano wa ugonjwa. Shilingi 5 ya 1973 ya pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, yenye Mzee Kenyatta: ilikuwa imetulia vizuri, leo ni kifungo cha koti la askari. Senti za Tanzania za mbuni na za sungura. Hizi hata hazikuwa chafu!

Halafu peni ya 1936. Hii nimeilia. Wale wa zamani mnakumbuka peni na ndururu, yaani senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki, zile zenye tundu, pembe za ndovu zimezunguka. Kwa kuwa zina tundu, hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na mfalme Edward wa nane, hakumaliza mwaka, akaacha kiti Desemba. Kwao hawakuwahi kutoa sarafu yake ya kutumia, maana walikuwa bado wanahangaika na sura. Huku kwetu jina lake likapigwa kwenye peni, watu wakanunulia chumvi na kiberiti. Mfalme ambaye Mwingereza hakupata kumtia mfukoni, sisi tulimfunga kwenye uzi! Naipenda hadithi hiyo kuliko sarafu yenyewe, na nilikuwa na kipande ambacho kila herufi ilisimama. Niliinunua Mokowe kwa mzee mmoja, nikampa nauli yangu yote nikaomba lifti ya boti kurudi. Sasa herufi za jina lake zimelala.

Nilipomwambia yule bwana ameziharibu, alikasirika yeye. Akasema mzungu hataki kitu cha uchafu. Akaita watu wa barazani. Nikazungukwa na wazee wanne, wote wanazigeuza mkononi, vidole vina mafuta ya mahamri, wanasema mashallah zimependeza. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, mshukuru mwenzio, huyui kitu." Nikataka fidia. Akakubali! Akachukua kalamu akaanza kujumlisha: senti kumi, senti kumi, shilingi moja... Alikuwa ananilipa thamani iliyoandikwa kwenye sarafu. Kisha akaondoa humo 550 zake, akaniambia mimi ndiye ninayedaiwa. Baraza zima likacheka mpaka punda wa jirani akageuka.

Polisi nitasema nini? Kwamba nimesafishiwa mali?

Na kuna jambo lingine lililonijia baadaye usiku. Yule mteja alikuwa anataka kuondoka nazo. Kwa sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hutakitoa nchini bila kibali. Pesa ya Bibi ni ya 1888. Nilipomuuliza yule muuzaji kuhusu kibali akaniambia kitu kidogo hivi hata mashine ya uwanja wa ndege haikioni. Huyu ndiye mtu anayeuza historia ya Amu kwa wageni. Mwaka 2013 watafiti waliokota Manda, hapo ng'ambo tu, sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, ya mwanzo wa karne ya 15, ina tundu la mraba katikati. Dunia nzima ikaandika. Nawaza tu ingeokotwa na huyu bwana. Ingekuwa inang'aa dukani mpaka leo, bila herufi hata moja, imefungwa mnyororo wa kuvaa shingoni.

Lakini sitamlaumu peke yake. Zile video zenu za "una sarafu hii nyumbani? wewe ni tajiri" ndizo zilizoleta haya yote. Tangu zianze, kila mtu hapa anafukua debe. Mama mdogo wangu ameificha ile ya shilingi 40 ya Kibaki ya 2003 ndani ya mchele, anasubiri laki. Mama, zile zilitolewa kwa wingi, watu walizipokea kama chenji! Na jambo la kwanza mtu anafanya akisikia ni mali, anaisugua ipendeze. Anayeitengeneza video anapata watazamaji, sarafu inapata ukwaju.

Mimi pia si malaika. Miaka ya mwanzo niliziweka kwenye vifuko laini vya plastiki vya bei rahisi, na kwa unyevu wetu huu wa bahari vikatoa ute wa kijani ukazila senti zangu saba. Nilijifunza kwa maumivu, nikabadilisha vifuko, nikaanza kukusanya vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya ili vinyonye unyevu. Lakini zile saba zilikuwa zangu mwenyewe, hakuna aliyenidai 550.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeniambia nizipake mafuta na kuzianika juani zirudi rangi, asante, lakini hapana. Wako watu wanaozipaka rangi ya uzee kwa dawa, na huo ni uongo juu ya uharibifu. Zitarudi zenyewe polepole, mimi sitakuwepo. Aliyeuliza kama nimelipa zile 550: sijalipa, na kahawa nimehamia baraza la Langoni.

Aliyeuliza kuhusu Bibi: anajua. Nilimwonyesha mwenyewe. Aliishika, akaigeuza, akaifunga kwenye pindo la leso lake bila kusema neno, na hajanirudishia.

Kwa hiyo natafuta pesa nyingine ya Mombasa ya 1888, na peni ya 1936 ya Edward. Iwe imelika, iwe nyeusi, iwe na kutu, sijali. Nina krona za Denmark za ziada, robo dola za majimbo kama kumi zilizojirudia, na yuro za ukumbusho za Italia, tubadilishane. Mwenye nayo atume picha hapa hapa. Na tafadhali, kabla hujaipiga picha, usiifute hata kwa shati.