Nyaya za cherehani zimenishinda, naomba msaada

Habari zenu wapendwa. Nashona vitenge nyumbani, Majengo, Moshi. Cherehani, ovaloki (mashine ya kumalizia kingo za nguo), pasi na taa vyote viko kwenye ekstensheni moja sakafuni, nyaya zimesokotana hata sijui upi ni wa nini. Juzi mwanangu alijikwaa, pasi ikaangukia karibu kabisa na mguu wake. Tangu siku hiyo silali vizuri. Mnapangaje?

Fundi umeme:
Pole sana mama. Kwanza itoe pasi hapo. Pasi ya wati 2000 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 9, ipe soketi yake ukutani. Waya uliobaki usiuviringe ukaufunga, unapata joto. Ukimaliza kupiga pasi shika plagi. Ikiwa ya moto, ina shida.

Mshonaji, Arusha:
Dada, mimi ekstensheni niliifunga kwa skrubu chini ya meza. Nyaya nazibana kwa vipande vya kitenge vyenye kifungo, cha waya wa ovaloki chekundu, cha cherehani cha njano. Vibano vya plastiki sivipendi, kila ukihamisha mashine inabidi uvikate.

Muulizaji:
Asanteni mno. Plagi nimeishika sasa hivi, ina moto na upande mmoja umekuwa kahawia. Nimeichomoa. Kesho naita fundi aongeze soketi.